Dhumavati: mungu mjane mwenye ungo, kwenye gari lisilo na farasi

MpungaWaKyela:

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kwenye ule uzi wa uchawi mtu aliweka picha ya bikizee kakaa juu ya gari, nywele timutimu, ungo mkononi, kunguru kwenye bendera. Chini akaandika: "Kumbe hata India wanasafiri kwa ungo." Watu wakacheka, wakapita. Na mimi nilicheka. Ila usiku usingizi ukagoma, kwa sababu yule bikizee namfahamu. Nilisoma Varanasi miaka mitatu, na chumba nilichopanga hakikuwa mbali na hekalu lake, mtaa wa Dhupchandi. Anaitwa Dhumavati.

Wahindu wanaofuata njia ya Shakti wanaamini kwamba nguvu inayoendesha ulimwengu ni ya kike. Humo ndani ya mapokeo yao ya tantra kuna kundi la miungu kumi wa kike linaloitwa Mahavidya, maana yake Elimu Kuu. Kali ndiye wa kwanza, yule mweusi mwenye ulimi nje. Yupo Chhinnamasta, aliyejikata kichwa akakishika mwenyewe, na damu inaruka mikondo mitatu, mmoja ukiingia kwenye kinywa cha hicho hicho kichwa. Yupo pia Kamala, ambaye ni Lakshmi wa mali na neema: kakaa juu ya yungiyungi, tembo wanammwagia maji. Dhumavati kwa kawaida huhesabiwa wa saba. Hilo jina la kundi msilipite haraka. Kila mmoja ni elimu, kwa hiyo sura yake ni somo, na kila kitu alichoshika kimewekwa kisomwe.

Wanatantra wana aya za Kisanskriti za kumchora mungu akilini kabla ya kumwabudu. Aya za Dhumavati ukizisoma unaweza kudhani mwandishi alikuwa na ugomvi naye. Hana rangi, hatulii, ni mrefu, nguo chafu, nywele zimetawanyika, mjane, meno machache, maziwa yameanguka, pua kubwa, macho makali. Mikono inatetemeka, na mmoja umeshika ungo. Ana njaa na kiu saa zote, anatia watu hofu, na makazi yake ni penye ugomvi. Anapanda gari lenye bendera ya kunguru, na wachoraji wengi hawaliwekei farasi.

Kali unamwogopa kama unavyomwogopa simba. Dhumavati unamwogopa kama unavyoogopa kuzeeka bila mtu. Hakuna ambaye usiku anawaza "nitakatwa kichwa na mungu mweusi." Lakini kubaki peke yako, huna kitu, na watu wanavuka barabara wasikutane nawe asubuhi? Hilo linatunyima usingizi sote. Kwangu mimi ndiye wa kutisha kuliko wote kumi.

*Dhuma* ni moshi. Kuna hadithi mbili za alivyopatikana.

Ya kwanza: Sati, mke wa Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, baba yake alifanya kafara kubwa akawaalika miungu wote ila mkwe. Sati akaenda bila mwaliko, mumewe akatukanwa mbele yake, akaingia motoni. Katika moshi wa mwili wake akatoka Dhumavati. Sisi tunasema pafukapo moshi pana moto. Huyu ni moshi ambao moto wake umeshazimika.

Ya pili ndiyo inanikaa zaidi. Sati ana njaa, anamwomba Shiva chakula. Shiva hana habari naye. Anaomba tena, kimya. Akasema basi, akammeza mume mzima mzima. Moshi ukaanza kumtoka mwilini. Shiva akaomba atapikwe, akatapikwa, na akamwapiza: kwa kuwa umemla mumeo, sura yako hii itakuwa ya mjane.

Naishia hapa kwanza, nipike. Nikirudi nitaingia kwenye ungo.

FundiRedio:

Nimekaa kwenye kigoda, kahawa mkononi. Usitukimbie mkuu, nyuzi zenu za "nitarudi" tunazijua.

Mtumishi wa Rungwe:

Ndugu mleta mada, umeandika vizuri na sina nia ya kukukera. Ila mimi nikisoma hiyo orodha, njaa, ugomvi, uchafu, kiu, mikosi, naona orodha ya vitu tunavyoombea viondoke. Mtu anawezaje kuvipigia magoti? Hata kwa akili ya kawaida tu, achilia mbali imani.

MpungaWaKyela:

Mtumishi, shikamoo. Swali lako hata Wahindu wengi wanaliuliza, na majumbani wengi hawaweki picha yake kabisa. Inasemekana ni mungu wa wajane, wasiooa na walioiacha dunia. Wenye ndoa wanashauriwa wakae mbali, maana neema yake ni kukutenga na vitu, na mwenye ndoa na duka anataka avishike. Ile miezi minne ya mvua ambayo Vishnu, mungu mwingine mkuu, husemwa kalala, wakati harusi husimama, wapo wanaosema ndiyo zamu ya Dhumavati.

Kabla yake walikuwepo ndugu zake wa sura. Nirriti wa kwenye Veda, yale maandiko yao ya kale kabisa, mungu wa uharibifu, ambaye aliombwa akae mbali. Jyestha, dada mkubwa wa Lakshmi, mwenye bendera ya kunguru na punda wa kupanda. Alakshmi, yaani mkosi. Ukitembea India utaona milango ya maduka imetundikwa limau na pilipili mbichi saba. Wanakwambia Alakshmi anapenda vichachu na vikali, basi ale hapo nje, ashibe, asiingie dukani. Hayo ndiyo unayoyasema wewe: mkosi upewe chake mlangoni, uende zake.

Wanatantra walifanya kinyume. Walimchukua huyu huyu anayefukuzwa wakamweka ndani, kwenye kiti, wakamwita Mama. Hoja yao ni kwamba kama nguvu ya kike ndiyo kila kitu, basi ipo kwenye kupata na kwenye kupoteza pia. Ukiisalimia inapokuja na tembo na maua, ukaifungia mlango inapokuja na njaa, wewe hukuwa unaabudu chochote zaidi ya hali nzuri.

Sikwambii ukubali. Mimi mwenyewe ni Mkatoliki wa kwenda Pasaka na Krismasi. Nakueleza wanavyosoma.

Mtumishi wa Rungwe:

Marahaba. Nimekuelewa, sijakubali. Endelea, nasoma.

BiKhole wa Kibokoni:

Salamu kutoka Mombasa. Sisi huku hicho chombo twakiita uteo. Na hadithi ya kumeza mume imenichekesha, maana wako waume wastahiki. Endelea mwanangu, huo uteo ni wa kazi gani?

MpungaWaKyela:

Shikamoo Bi Khole.

Ungo, au uteo, ni wa kupepeta. Kwetu Kyela nimekua nikimwangalia bibi anapepeta mpunga uliotwangwa: anarusha, upepo unachukua makapi, mchele unarudi chini. Wanatantra wanasoma hivyo hivyo. Ni kupembua, kutenga cha kweli na kisicho cha kweli. Na sisi neno kupembua tunalitumia kwa nafaka na kwa fikra, kwa hiyo hapo Mswahili hahitaji mkalimani. Mali, uzuri, cheo, mume, ujana, vyote vikarushwa juu. Kilichorudi chini ndicho chako.

Tazama pia ungo ulivyo kwetu. Msichana akipata hedhi ya kwanza tunasema kavunja ungo. Mwanamke akizeeka peke yake, macho yakawa mekundu kwa moshi wa kuni, tunasema anapaa na ungo usiku. Chombo kimoja kinamfungulia mwanamke mlango wa ujana, na uzeeni kinamhukumu. Dhumavati kakishika kwenye ule mwisho wa pili. Hii haimo kwenye vitabu vyao, ni Kiswahili chetu ndicho kimenionyesha. Ila tangu niiwaze siwezi tena kuiangalia ile picha nikacheka.

Gari lisilo na farasi: mimi nilidhani ni umaskini. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza maua karibu na hekalu akaniuliza, "Unafikiri anataka kwenda wapi?" Nikakosa jibu. Farasi ni matamanio, wewe unayeyafuata ndiye unayehitaji kuvutwa. Wapo pia wanaosema ni kukwama tu, mjane katika jamii isiyompa pa kwenda. Nadhani zote mbili ni kweli, na ya pili inauma zaidi.

Kunguru anakula makombo, anakaa penye uchafu na maiti. Lakini katika siku za kuwakumbuka wafu, zinazoitwa Pitru Paksha, Wahindu huwapa kunguru chakula kwanza, wakiamini kinafika kwa wazee waliokufa. Huyo huyo unayemrushia jiwe ndiye tarishi wa babu yako.

Halafu moshi. Moshi unakuficha njia, ila pia unafuta umbo la kila kitu, mlima na mti vinakuwa kimoja. Mtaalamu wa Kisanskriti wa kusini, Ganapati Muni, aliyefariki mwaka 1936, alimweleza Dhumavati kama utupu, kama hali ya usingizi mzito ambapo viumbe vyote vimeyeyuka. Ukilala fofofo huna jina, huna deni, huna mke. Hukufa, lakini "mimi" haipo. Hiyo ndiyo elimu yake.

DogoWaTemeke:

Mzee uzi mtamu. Swali la kitoto: tantra si yale mambo ya chumbani ya kupumua kwa pamoja? Naona kila siku kwenye mitandao.

MpungaWaKyela:

Hayo ni biashara ya Ulaya na Marekani kwa sehemu kubwa. Tantra ni maandiko na taratibu za ibada, mantra (maneno matakatifu ya kutamka kwa kurudia), michoro, kutafakari, na mwalimu anayekuingiza hatua kwa hatua. Zipo njia chache zinazotumia vilivyokatazwa, pombe, nyama, hata tendo la ndoa, kwa mantiki kwamba ukiweza kuona utakatifu hata kwenye mwiko umeshinda woga. Lakini ukienda hekalu la kawaida la tantra utakuta foleni, nazi, ubani, na mama anamkanya mtoto asipige kelele.

KipangaMweusi:

Mkuu mimi niende kwenye pointi. Kuna bosi hapa kazini ananichimba. Huyu bibi hawezi kutumwa? Nipe mantra yake, malipo tutaelewana PM.

FundiRedio:

Nilijua utakuja. Kila uzi lazima uje 😂

MpungaWaKyela:

Kipanga, sitakudanganya kwamba haipo. Maandiko ya tantra yana matendo sita: kutuliza, kuvuta mtu awe chini yako, kugandisha, kutia chuki kati ya watu, kufukuza na kuua. Dhumavati huitwa hasa kwenye kufukuza na kuangamiza adui. Nguvu za kutenga watu anazo, kwa hiyo wako wanaomtaka kwa kazi hiyo.

Mantra sikupi. Hata wenyewe hawatoi nje ya mwalimu na mwanafunzi. Na fikiria kidogo: unamwita njaa na ugomvi kwa jina, nyumbani kwako, usiku, halafu unategemea aende kazini kwa bosi bila kuonja kilichopo kwako kwanza?

KipangaMweusi:

Basi nimeghairi, naandika barua ya kuhama idara.

BandariSalama:

Hapo kwenye kunguru nichangie. Hawa wenye shingo ya kijivu waliotujalia Dar na Zanzibar si wa asili hapa, ni hao hao kunguru wa Bara Hindi. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wasafishe taka, wakazaliana, wakavuka, sasa wanakula hadi vifaranga wetu. Wa kwetu wa asili ni yule mwenye kifua cheupe. Kwa hiyo bendera ya huyo bibi imeshafika Kariakoo muda mrefu, gari tu ndilo bado.

MpungaWaKyela:

😂 Bandari umenimaliza. Ni kweli, kule Varanasi ndio hao hao, sauti ile ile ya saa kumi na moja alfajiri. Siku ya kwanza nilijihisi niko Dar.

BiKhole wa Kibokoni:

Wewe uliingia hekaluni ukamwona? Hebu tuambie, usituletee ya vitabuni tu.

MpungaWaKyela:

Niliingia, Bi Khole. Nilitarajia giza na mafuvu. Nikakuta hekalu dogo la mtaani, sanamu ya jiwe jeusi yenye macho makubwa, kavishwa nguo na mashada. Watu wanapita kabla ya kazi. Na si wajane tu, nilikuta mama kambeba mtoto, nikakuta jamaa na mkewe. Padri wa pale akasema huyu ni mama wa mtaa, analinda waliomo, hachagui. Anapewa matunda na maua kama wengine, ila pia nyama, pombe, bangi na hata sigara, kwa kuwa moshi ni wake.

Kwenye utenzi wake wa majina elfu moja, kumbe anasifiwa pia kwamba anakaa kati ya wanawake, na anawapa watoto wanaowatafuta. Yule yule aliyeelezwa hafai kusogelewa. Vitabu vinamtenga, wakazi wa mtaa wanamwendea. Kwenye kilima cha Nilachal pale Guwahati, Assam, penye hekalu kubwa la Kamakhya, Mahavidya wote kumi wana mahali pao na yeye yumo, hakubaguliwa.

Datia ni tofauti, huko Madhya Pradesh. Kuna kituo kinaitwa Pitambara Peeth, na Dhumavati ana hekalu lake humo. Wenyewe wanalihusisha na ibada kubwa iliyofanyika hapo mwaka 1962 wakati wa vita vya India na China, kuiombea nchi. Pale mwanamke mwenye mume haruhusiwi kumtazama kabisa. Siku yake kubwa ni Jumamosi, na sadaka yake hutaamini: kachori, sambusa, na bajia za choroko. Miungu wengine wanaletewa ladu na vitamu, yeye anataka chumvi na pilipili.

BiKhole wa Kibokoni:

Kachori na bajia! Basi huyo ni wa kwetu, aje Ramadhani.

Mama Zuhura wa Pangani:

Nimesoma tangu juu, sijachangia. Mimi ni mjane, mwaka wa sita.

Eda nilikaa miezi minne na siku kumi kama dini ilivyosema, ikaisha, nikatoka. Dini ilinifungulia mlango. Watu hawakufungua. Harusi ya mtoto wa ndugu, nimeshika bakuli la hina nataka kumpaka bibi harusi, mtu akalichukua mkononi mwangu taratibu, akasema "wewe shoga pumzika, wapo wengine." Hakunitukana. Nilikaa kwenye mkeka mpaka mwisho, na zile bajia zikapita. Ndiyo maana nauliza, hao wajane wenyewe wa huko India, huyu mungu aliwasaidia nini? Au ni picha tu ya kuwaonyesha walivyo wabaya?

MpungaWaKyela:

Mama Zuhura, shikamoo, na pole.

Sitaremba. Kwa karne nyingi mjane wa Kihindu wa tabaka la juu alivuliwa bangili, akavishwa nyeupe, akanyimwa vyakula, harusini alikuwa mkosi. Wengine walichomwa na maiti za waume zao, mpaka Waingereza walipopiga marufuku Bengal mwaka 1829. Ruhusa ya kisheria ya kuolewa tena ilikuja mwaka 1856, baada ya msomi wa Kibengali, Ishwar Chandra Vidyasagar, kuipigania akitumia maandiko ya dini yenyewe. Na bado leo mji wa Vrindavan una maelfu ya wajane walioachwa na familia zao, wanaimba nyimbo za ibada wapate chakula. Kwa hiyo kama unauliza iwapo sanamu ilibadilisha jamii, sikuona. Waliochora meno yaliyong'oka na nguo chafu walichora jinsi wao walivyomwona mjane, na dharau imo humo.

Ila angalia jambo hili. Ile desturi ya kuchoma wajane iliitwa sati, kwa jina la yule Sati aliyeingia motoni. Na kwenye hadithi, alipoingia motoni mumewe alikuwa hai. Hakuwa mjane. Mjane ni huyu aliyetoka kwenye moshi baada ya moto, akabaki. Kwenye ile hadithi nyingine amemeza mume, ameapizwa, na bado yupo, na ni mungu. Kati ya wale kumi ndiye anayekaa bila mume kabisa, Shakti bila Shiva. Hii ni tafsiri yangu: hao watu walikusanya kila walichokiogopa kwa mwanamke aliyebaki peke yake, na walipomaliza kukusanya wakajikuta wanapiga magoti.

Pale Dhupchandi nilimwona bibi mmoja wa sari nyeupe. Alikuwa hasali. Amekaa chini, mgongo kwenye ukuta wa hekalu, anakula pilau kwenye gazeti, na hakuna aliyemwambia asogee.

Mama Zuhura wa Pangani:

Nimekusoma, mwanangu. Marahaba.

Swali la mwisho. Umesema mikono inatetemeka, mmoja umeshika ungo. Huo wa pili umeshika nini?

MpungaWaKyela:

Hauna kitu, Mama. Umefunguliwa, kiganja mbele, vidole chini. Ni ishara yao ya kutoa, ya kumpa anayeomba. Kwenye zile aya imo kabisa, neno linafuata palepale baada ya mikono inayotetemeka.

Mama Zuhura wa Pangani:

Na wewe hukuandika.

MpungaWaKyela:

Sikuandika. Narudi juu nihariri.